Ng'ombe wa Kwanza: Kuteka, Kugawiwa na Kununua katika Nchi za Maziwa Makuu baada ya Sotoka

0. UTANGULIZI

Mtu asiye na ng'ombe hata mmoja humpata wa kwanza kwa njia gani? Swali hili laonekana kuwa dogo, na pengine msomaji atadhani kwamba linamhusu mfugaji au daktari wa mifugo zaidi kuliko mwanahistoria au mwanaisimu. Hata hivyo, katika nchi zinazozunguka Maziwa Makuu, yaani Kivu yetu pamoja na Rwanda, Burundi na magharibi ya Tanzania, jibu la swali hili lilisaidia kuamua, kwa vizazi kadhaa, nani atakuwa bwana na nani atakuwa mtumishi, nani atalima shamba lake na nani atalima la mwenzake.

Maandishi mengi juu ya jamii za wafugaji huanza mahali ambapo makundi yako tayari: mfalme ana ng'ombe wake, wakuu wana wao, nao watu wadogo wanawachunga. Kuanza hivyo ni kuingia katikati ya hadithi. Kila kundi lilikuwa na siku yake ya kwanza, na namna lilivyoanza haikusahaulika na wale waliohusika, hata kama wajukuu wao walikuja kuisahau.

Upo wakati mmoja ambapo swali la ng'ombe wa kwanza liliulizwa na karibu kila mtu kwa pamoja. Ni mwanzo wa miaka ya 1890, sotoka ilipokuwa imekwisha kupita na mazizi yalikuwa matupu, ya wakubwa na ya wadogo. Katika insha hii tunakusudia kulinganisha njia tatu ambazo watu walizifuata ili kupata makundi mapya: kuteka, kugawiwa na kununua. Mahari, ambayo ni njia ya nne, tutaigusa kwa ufupi tu, kwa sababu mahari huhamisha ng'ombe waliokwisha kuwako kutoka zizi hadi zizi. Pale ambapo hakuna ng'ombe, watu walitoa majembe au mbuzi, na zizi la baba mkwe likabaki tupu kama lilivyokuwa.

Dai letu ni kwamba njia hizi hutofautiana zaidi kwa urefu wa deni linaloachwa nyuma yake kuliko kwa bei. Anayenunua humaliza deni siku ile ile. Anayegawiwa huanza deni ambalo huenda lisimalizike katika uhai wake. Anayeteka huacha deni mikononi mwa mwingine, nalo hulipwa kwa damu. Kwa mtazamo huu, historia ya ununuzi wa ng'ombe, ambayo mara nyingi huachwa pembeni kana kwamba ni jambo la soko tu, ni sehemu ya historia ya uhuru wa watu wa kawaida.

1. SOTOKA NA ZIZI TUPU

Sotoka ni ugonjwa wa virusi ulioshambulia wanyama wenye kwato zilizopasuka, hasa ng'ombe na nyati. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba ulienea kutoka bandari ya Massawa, katika Eritrea ya leo, mnamo mwaka 1887, ukiwa umeletwa na ng'ombe walioagizwa kwa ajili ya jeshi la Italia. Kutoka hapo ulishuka kusini kwa mwendo wa kutisha. Mwaka 1890 na 1891 ulikuwa tayari katika nchi za Wamasai, Uganda na pwani za Maziwa. Mwaka 1896 ulikuwa umevuka mto Zambezi. Mwaka 1897 ulifika Rasi ya Tumaini Jema. Mahali pengi inakadiriwa kwamba katika kila ng'ombe kumi walikufa tisa. Nchini Rwanda ugonjwa huo ulipewa jina la umuryamo. Wamasai waliiita miaka hiyo emutai, yaani maangamizi, wakijumlisha katika neno hilo homa ya mapafu ya ng'ombe iliyotangulia, sotoka yenyewe, na ndui iliyowaua watu.

Matokeo yake hayakuishia zizini. Nchini Ethiopia njaa kuu ilidumu toka 1888 hadi 1892. Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita katika nchi ya Wamasai mwaka 1892, alikadiria kwamba theluthi mbili ya Wamasai walikuwa wamekufa. Hata kama makadirio ya msafiri mmoja yanafaa kupokewa kwa tahadhari, yanaonyesha ukubwa wa msiba alioukuta. Mahali ambapo malisho yaliachwa bila wanyama wa kuyala, vichaka viliota tena, na pamoja na vichaka wakarudi mbung'o na ugonjwa wa nagana. Kwa hiyo hata yule aliyepata ng'ombe baada ya miaka kumi hakuwa na hakika ya kupata mahali pa kumlisha.

Inafaa kukumbusha hapa kwamba sotoka haipo tena duniani. Mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba imetokomezwa, ikiwa ugonjwa wa pili baada ya ndui kufikia mwisho huo kwa juhudi za binadamu. Ushindi huo ulitokana kwa sehemu kubwa na chanjo iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, nchini Kenya. Lakini katika miaka ya 1890 mfugaji wa Kivu au wa Rwanda hakuwa na chanjo wala mganga wa kumtegemea. Alikuwa na zizi tupu na kumbukumbu ya majina ya ng'ombe wake.

2. HESABU YA MTAMBA MMOJA

Kabla ya kuzieleza njia tatu, hatuna budi kumwomba msomaji asiyefuga afanye nasi hesabu ndogo, kwa sababu bila hesabu hiyo uzito wa ng'ombe wa kwanza hauonekani.

Tuseme mtu amepata mtamba mmoja wa aina ya kienyeji, wenye pembe ndefu, aliye tayari kupandwa. Ng'ombe wa aina hiyo huchelewa kukomaa. Kwa kawaida huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa karibu miaka mitatu na nusu au minne. Baada ya hapo, akipata malisho mema, atazaa takriban kila baada ya mwaka mmoja na nusu. Katika muda wa miaka kumi, kama hakuna ajali wala ugonjwa, atakuwa amezaa ndama 6 au 7. Nusu yao watakuwa madume. Mwenye mali huyo atabaki na majike 3, na yule mkubwa kati yao atakuwa ameanza naye kuzaa ndama wake wawili au watatu. Hesabu hii haijaondoa ndama wanaokufa kwa kupe, kwa baridi ya milimani au kwa chui.

Maana yake ni kwamba kutoka mtamba mmoja hadi kundi la kuitwa kundi ni kazi ya miaka kumi na zaidi, hata bahati ikikusimamia. Aliyempata mtamba wake mwaka 1892 alikuwa na kundi dogo mwaka 1905. Aliyechelewa kwa miaka mitano alichelewa kwa kizazi. Na yule aliyekuwa na mitamba kumi mwaka ule ule wa 1892, kwa sababu ng'ombe wake walisalimika au kwa sababu aliweza kuwachukua wa wengine, alijikuta ana uwezo ambao hakuna aliyekuwa nao kabla ya msiba. Sotoka ilipunguza mali ya wote, lakini haikuwasawazisha. Iliongeza thamani ya kila jike lililobaki, na pamoja nayo uwezo wa aliyelimiliki.

Dume halikuwa shida kubwa hivyo. Fahali mmoja wa jirani alitosha kwa majike ya mtaa mzima, na kuazimana fahali ni desturi inayojulikana sana. Ndiyo maana katika mapatano yote tutakayoyataja hapa mzozo ulikuwa juu ya jike na uzao wake: nani anammiliki ndama wa kike?

3. KUTEKA

Njia ya kwanza ndiyo ya haraka kuliko zote, nayo haikuwa ngeni. Kuteka ng'ombe kulikuwako kabla ya sotoka. Baada ya sotoka kulizidi, kwa sababu aliyekuwa na haja alikuwa hana cha kubadilisha.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa Wamasai. Richard Waller, katika makala yake ya mwaka 1976 juu ya Wamasai na Waingereza kati ya 1895 na 1905, alionyesha jinsi uhusiano wao wa miaka hiyo ulivyojengwa juu ya haja ya pande mbili. Waingereza walikuwa na utawala mchanga na askari wachache. Wamasai walikuwa na vijana wengi na mazizi matupu. Vijana hao walikwenda pamoja na misafara ya kijeshi ya Waingereza dhidi ya majirani, na malipo yao yalikuwa fungu la mifugo iliyotekwa. Kwa njia hiyo sehemu ya makundi ya Wamasai ilijengwa upya katika muda wa karibu miaka kumi. Wengine, ambao hawakuwa na njia hiyo, walikimbilia kwa wakulima kama Wakikuyu, na wapo waliowaacha watoto wao huko ili wapate chakula.

Kwa upande wetu wa Maziwa, mfalme Kigeli Rwabugiri wa Rwanda aliendelea na vita vyake ng'ambo ya Ziwa Kivu hata baada ya umuryamo, na kifo chake mwaka 1895 kilimkuta katika msafara wa vita uliokuwa umeelekea Bushi. Hatudai kwamba ng'ombe ndio walikuwa sababu ya pekee ya vita hivyo, maana mfalme huyo alikuwa amepigana miaka mingi kabla ya ugonjwa. Lakini ni dhahiri kwamba katika nchi zilizokosa ng'ombe, mateka ya vita yalikuwa na thamani mpya.

Kuteka huanzisha kundi bila bei, lakini kundi hilo halilali usingizi. Aliyetekwa hasahau. Kwa hiyo mwenye kundi la namna hiyo huhitaji askari wa kulilinda, na anayehitaji askari hulazimika kuwalipa, tena kwa ng'ombe. Mali iliyopatikana kwa mkuki hudai mkuki kila siku. Tena njia hiyo ilikuwa wazi kwa wenye nguvu tu. Mkulima wa kilima kimoja, mwenye mke na watoto wanne, hakuwa na msafara wa kuufuata.

4. KUGAWIWA

Mkulima huyo alikuwa na njia ya pili. Katika Kinyarwanda na Kirundi kitenzi kugaba maana yake ni kutoa, hasa kutoa kitu kikubwa kwa mtu mdogo. Kugabira ni kumpa mtu fulani. Mzizi wake ni ule ule wa Kiswahili kugawa. Tofauti ya maana inafaa kuangaliwa. Kwetu sisi waswahilifoni, kugawa ni kukata kitu vipande ili kila mmoja apate chake, na anayegawiwa huondoka na fungu lake. Katika lugha za milima ya Maziwa, mkazo uko kwa mtoaji: anayegaba ni mkubwa, na kutoa kwake kunathibitisha ukubwa huo. Hata jemadari wa jeshi la Rwanda ya zamani aliitwa umugaba, kwa mzizi uo huo. Burundi, na Bushi kwa umbo lake, walikuwa na ubugabire. Rwanda walikuwa na ubuhake, kutokana na kitenzi guhakwa, yaani kujipendekeza kwa mkubwa na kumtumikia ili kupata hifadhi yake.

Mapatano yenyewe yameelezwa na wengi, miongoni mwao Jacques Maquet katika kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya mahusiano ya kijamii katika Rwanda ya zamani. Bwana, aitwaye shebuja, humpa mteja wake, umugaragu, ng'ombe mmoja au zaidi. Mteja hunywa maziwa, hutumia samadi, humiliki madume kwa kiasi fulani, na huwa na mtu wa kumtetea mbele ya wakuu. Kwa upande wake humtumikia bwana: humjengea, humfuata safarini, hupeleka pombe, hushinda nyumbani kwake. Lakini ng'ombe na uzao wake hubaki mali ya bwana katika asili yake. Mapatano yakivunjika, bwana huweza kumrudisha ng'ombe pamoja na ndama wake wote. Uhusiano huo haukuwa baina ya Watutsi na Wahutu peke yao, kama ilivyosemwa mara nyingi kwa urahisi. Watutsi wengi walikuwa wateja wa Watutsi wengine, na wakuu wenyewe walikuwa wateja wa mfalme.

Baada ya umuryamo mfumo huu ulipata nguvu mpya. Waliosalimika na ng'ombe, pamoja na baraza la mfalme lililoweza kuwakusanya waliobaki na kuwagawa upya, walijikuta wameshika ufunguo wa kila zizi. Catharine Newbury, katika kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya Kinyaga, sehemu ya kusini-magharibi ya Rwanda inayoelekeana na Bukavu yetu, ameonyesha jinsi aina za uteja zilivyobadilika toka utawala wa Rwabugiri hadi wakati wa ukoloni. Zamani kulikuwa na aina ambayo ukoo mzima, uliokuwa na ng'ombe wake wenyewe, ulimtolea mkuu ng'ombe mara kwa mara ili kupata hifadhi. Baadaye ilienea aina inayomfunga mtu mmoja mmoja, asiye na kitu, kwa ng'ombe aliyepewa. Tofauti ni kubwa. Wale wa kwanza walitoa kwa sababu walikuwa nacho. Wa pili walitumikia kwa sababu hawakuwa nacho.

Hapo ndipo tunapoliona deni lisilo na mwisho. Hakuna mtu aliyeweza kusema: nimekwisha kumlipa bwana wangu. Kila ndama aliyezaliwa, badala ya kupunguza deni, aliliongeza.

5. KUNUNUA

5.1 Butega za msituni

Je, hapakuwa na njia ya kumpata ng'ombe bila bwana na bila vita? Ilikuwako, nayo ilipitia kwenye masoko ya Ziwa Kivu.

David Newbury, katika makala yake ya mwaka 1980 juu ya biashara ya Ziwa Kivu katika karne ya kumi na tisa, ameeleza kwa kirefu mali moja ambayo leo imesahauliwa na wengi: butega. Hizi zilikuwa bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mimea ya msitu. Waliozisuka hasa ni Watembo, wakaao ukingoni mwa msitu, magharibi ya ziwa. Zilifungwa mafungu mafungu, zikapita mikononi mwa Wahavu wa bara na wa kisiwa cha Idjwi, zikavushwa kwa mitumbwi hadi Rwanda, ambako wanawake walizivaa miguuni kwa wingi kama pambo. Lakini zilikuwa zaidi ya pambo. Zilihesabika, zilihifadhika, zilibebeka, na kila mtu alizipokea. Kwa maneno mengine, zilifanya kazi ya fedha. Kwa butega mtu aliweza kununua chakula, majembe, mbuzi, na akiwa na mafungu ya kutosha, ng'ombe.

Tutafakari maana ya jambo hili. Mtembo wa msituni, ambaye kwa macho ya baraza la mfalme alikuwa mtu wa pembeni kabisa, aliweza kuugeuza mmea wa porini kuwa mtamba kwa kazi ya vidole vyake. Hakuhitaji kupiga magoti mbele ya shebuja yeyote. Njia ilikuwa ndefu, na kwa kawaida ilipanda kwa ngazi: butega kuwa mbuzi, mbuzi kuzaana, mbuzi kadhaa kuwa mtamba. Lakini kila ngazi ilikuwa na mwisho wake. Muuzaji na mnunuzi walipoachana, hakuna aliyemdai mwenziwe.

Lugha imehifadhi kumbukumbu ya masoko hayo. Kitenzi cha kununua katika Kinyarwanda ni kugura, na katika Mashi ni kugula. Mzizi huo umeenea sana katika lugha za Kibantu. Kiswahili kimeuacha kama kitenzi cha kila siku na kushika kununua, lakini kimeubakiza katika neno gulio, yaani soko la siku maalumu. Na Wanyarwanda walikuwa na neno imbata kwa ng'ombe ambaye mtu alimpata kwa juhudi zake, kwa kununua au kubadilishana, pasipo kugawiwa na bwana. Kuwako kwa neno hilo ni ushahidi kwamba watu waliiona tofauti na kuijali. Ng'ombe wawili wa rangi moja, wenye pembe za urefu mmoja, wakilisha pamoja kilimani, hawakuwa sawa: mmoja alikuwa wa mtu, mwingine alikuwa kamba iliyomfunga mtu.

Hatutaki kuyapamba mambo. Uhuru wa imbata ulikuwa na mipaka. Mteja aliyeingia katika ubuhake akiwa na ng'ombe wake mwenyewe aliweza kunyang'anywa nao wote alipogombana na bwana, kana kwamba aliyegawiwa amewaambukiza wengine utumwa wake. Ndiyo maana wenye imbata walijitahidi kuwaficha kwa kuwasambaza kwa ndugu na marafiki wa vilima vya mbali.

5.2 Nguo za wapagazi

Njia kama hiyo ilionekana pia mashariki ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Wanyamwezi, kwenye barabara ile ile iliyokileta Kiswahili hadi Ujiji, Uvira, Kasongo na Nyangwe. Wanyamwezi walisafiri hadi pwani kama wapagazi wa pembe za ndovu, na ujira wao ulilipwa kwa nguo, hasa merikani na kaniki, na kwa shanga. Stephen Rockel, ambaye amewachunguza wapagazi hao, anasisitiza kwamba walikuwa wafanyakazi huru waliojua thamani ya kazi yao, na kwamba sehemu ya ujira wao iligeuzwa kuwa mifugo. Nguo huchakaa, bali mtamba huzaa. Wafugaji wa Kitutsi walioonekana na Burton karibu na Tabora mwishoni mwa miaka ya 1850 walikuwa wakiwachungia wengine ng'ombe. Kwa hiyo huko ilitokea hali iliyo kinyume na ile ya Rwanda, ambapo mwenye ng'ombe alikuwa mtu wa safari na biashara, na mfugaji stadi alikuwa wa kuajiriwa. Hali hii yatukumbusha kwamba cheo cha mfugaji hakikuandikwa katika damu ya mtu; kilitegemea jinsi kundi lilivyoanzishwa na nani aliyelianzisha.

5.3 Mshahara na kupe

Ukoloni ulileta kodi ya fedha, na pamoja nayo haja ya mshahara. Kutoka Rwanda na Burundi watu walikwenda Uganda kwenye mashamba ya pamba na kahawa, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière iliajiri wengine kwa ajili ya migodi ya Katanga. Wapo waliorudi na fedha ya kulipa kodi tu. Wapo pia waliorudi na bei ya mtamba, wakampita bwana bila kumwomba kitu. Mshahara wa mgodini ulikuwa, kwa maana hii, mrithi wa butega.

Lakini mnunuzi wa ng'ombe wa kwanza alikuwa na adui mwingine asiyeonekana. Ugonjwa wa ndigana kali huletwa na kupe. Ndama aliyekulia mahali penye kupe, akinusurika, hupata kinga. Ng'ombe mzima aliyekulia kwenye milima ya baridi isiyo na kupe hana kinga hiyo, na akishushwa kwenye joto la mabonde huweza kufa katika muda wa wiki chache. Kwa hiyo bei nafuu ilikuwa mtego. Mnunuzi mwenye busara hakuuliza kwanza mtamba anatoa maziwa kiasi gani mama yake. Aliuliza amekulia wapi. Ng'ombe wa bwana alikuwa wa kilima kile kile na ugonjwa wake ulijulikana. Ng'ombe wa soko alitoka asikokujua mtu. Hii ilikuwa gharama ya uhuru, na wengi waliilipa mara mbili.

6. NG'OMBE BILA NYASI

Tarehe 1 Aprili 1954 mfalme Mutara Rudahigwa alitoa amri ya kukomesha ubuhake. Ng'ombe waligawanywa kati ya mabwana na wateja, na kila mmoja akatakiwa kuwa mwenyewe wa fungu lake. Ilionekana kwamba deni lisilo na mwisho limepata mwisho. Lakini amri hiyo haikugusa malisho. Wateja wengi wakajikuta wana ng'ombe wao wenyewe, nao hawana pa kuwalisha ila kwenye nyasi za yule yule waliyemtumikia jana, wakarudi kumwomba. Kamba ilifunguliwa kwenye pembe za ng'ombe, ikafungwa kwenye kilima.

Huku kwetu Bushi fundisho hilo lilijulikana tangu zamani, ila kwa kupinduliwa. Katika desturi ya kalinzi, aliyetaka ardhi alimpelekea mwami au mkuu wake ng'ombe, naye akapata haki ya kulima na kurithisha. Kwa hiyo asiye na ng'ombe wa kwanza hakukosa maziwa tu. Alikosa shamba, na alibaki kulima kwa bwasa, mapatano ya muda mfupi ambayo hayakumpa mtoto wake kitu. Tena hata aliyelipa kalinzi hakutoka mikononi mwa mkuu: heshima na utumishi viliendelea. Bugule tu, ambayo kwa jina lake ni ununuzi, ilikaribia kumaliza deni siku ya mapatano. Msomaji ataona kwamba mzizi ni ule ule wa kugula na gulio.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote ya nchi yetu kuwa mali ya Serikali. Katika miaka iliyofuata, wenye fedha na wenye marafiki serikalini waliweza kupata hati za maeneo makubwa ya malisho, hasa huko Masisi, huku wakulima waliokaa humo kwa haki ya kimila wakibaki bila karatasi. Vita vilivyoanza Kivu ya Kaskazini mwaka 1993, na vile vya 1996 na kuendelea, viliyateketeza makundi ya Masisi ambayo yalikuwa yamejulikana kwa maziwa na jibini yake. Baadaye makundi yalirudi. Lakini hayakurudi yote kwa wenyewe wa kwanza, na mahali pengi anayechunga ni kijana wa kijijini, na mwenye mali yuko mjini.

7. HITIMISHO

Tumeona kwamba baada ya sotoka kundi jipya liliweza kuanza kwa mkuki, kwa neema ya mkubwa, au kwa jasho lililogeuzwa kuwa bei. Njia hizo zilichanganyikana katika maisha ya watu, na hatudai kwamba soko lilikuwa pepo. Soko lilidanganya, liliua kwa ndigana, na lilimwacha nje asiye na cha kuuza. Wala hatudai kwamba kutoa ni kubaya. Jamii isiyotoa haiwezi kuokoka msiba kama ule wa 1891, kwa maana wengi hawakuwa na butega, wala nguo, wala nguvu za kwenda Katanga.

Jambo la kuangalia ni mwisho wa deni. Tangu mwaka 2006 Rwanda ina mpango uitwao Girinka, ambao kwao familia maskini hupewa ng'ombe mmoja, na jike la kwanza litakalozaliwa hupelekwa kwa jirani mwingine. Huku Kivu pia vyama vya maendeleo vimetumia utaratibu wa namna hiyo kwa mbuzi, nguruwe na ng'ombe. Mtu anaweza kuuona kama ubugabire uliovaa nguo mpya, na kwa sehemu ni kweli: kuna mtoaji, kuna mpokeaji, na mtoaji hupenda kusifiwa. Lakini ndani yake kuna sharti moja ambalo ubuhake haukuwa nalo. Deni lina kipimo: ndama mmoja. Akisha kutolewa, mpokeaji anaweza kusema maneno ambayo umugaragu wa zamani hakuweza kuyasema.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama ng'ombe aliyeko zizini ni mali au ni kamba asihesabu pembe, wala asiulize bei. Amwulize mwenyewe: ndama wa kike atakayezaliwa kesho ni wa nani? Wazee wetu wa miaka ya 1890 walilijua swali hilo, na walijua pia gharama ya kutolijibu mapema. Nasi, ambao mazizi ya Kivu yetu yamemwagwa na kujazwa mara nyingi katika muda mfupi, tunafaa kuliuliza kila mara kundi jipya linapoanzishwa, kabla ya kushukuru.